Golikipa wa Tura

Chuo cha Masista, Tabora
10 Februari 1957

Dada yangu Bertila,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ukiacha ugoko wa kulia uliovimba na ukucha mmoja ulionitoka. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Tura pamoja na shemeji Sylvester. Usiponijibu upesi nitajua ndoa imekulevya.

Dada, mmetuachia balaa. Mlipopewa vyeti Desemba mliondoka saba kwa mpigo, na timu ya mpira wa magongo ikabaki na wanne. Sista Redempta amenipa ukapteni. Hakunipa kwa sababu najua mchezo, amenipa kwa sababu nina mdomo. Nahangaika kuokota wachezaji kwenye mwaka wa kwanza, na wengi wananyanyua gongo juu ya kichwa kana kwamba wanalima. Jana Minza, yule pande la msichana kutoka Igunga, alilinyanyua hivyo, kumbe Josepha yuko nyuma yake. Jino la mbele likaruka. Josepha akaliokota, akalitia mfukoni, kisha akamfuata Minza na kumtwanga mgongoni mpaka gongo likapasuka. Sista alipuliza filimbi hadi pumzi zikamwishia. Nimewachukua wote wawili, maana hasira ya namna ile huwezi kumfundisha mtu.

Shida yangu ni golikipa. Hakuna anayetaka kusimama pale uliposimama wewe miaka miwili. Wanautazama ule mpira, wanaugonga kwa kidole, wanasema hili ni jiwe. Nami Julai ninatakiwa kwenda Makanda, kwa wasichana wale wale waliotupasua vichwa mwaka jana na kutuimbia njia nzima hadi stesheni. Nataka damu yao, Mungu anisamehe. Nifundishe namna ya kumtengeneza golikipa.

Mwambie shemeji kwamba viatu vyake vya harusi bado tunavyo. Yeye ni Mzaramo na sisi Wanyamwezi, ni watani tangu babu zetu walipopeleka mizigo pwani kwa miguu, na sheria anaijua: alichochukua mtani hakidaiwi, na anayenuna ndiye mjinga.

Mdogo wako,
Imakulata


Stesheni ya Tura
3 Machi 1957

Mdogo wangu Imakulata,

Marahaba. Barua yako imenikuta na afya, nikaisoma mara mbili nikicheka peke yangu jikoni. Pole kwa ugoko. Uchue kwa chumvi na maji ya moto, usimsikilize Sista na mafuta yake.

Kuhusu golikipa: usimtafute mwenye mikono hodari. Tafuta mwenye miguu mizito, maana golikipa peke yake ndiye anayeruhusiwa kuupiga mpira kwa mguu. Mfundishe kupiga teke, mguu mmoja ubebe mwili na mwingine uende kwenye mpira, tena uende kwa nguvu zote. La muhimu kuliko yote, asifumbe macho. Mpira ukija na umefumba macho, mwili haujui pa kujikaza, ndipo unapovunjika. Mpige kila siku mpaka azoee. Mimi hivyo hivyo nilipigwa.

Tura ni stesheni, tangi la maji, nyumba chache za reli na miombo. Wazee wa hapa wanasema wapagazi walikuwa wakilia kwa furaha wakifika hapa wakitoka nyika ya Mgunda Mkali, kwa sababu walikuwa wameacha njaa na majambazi nyuma yao. Sasa inapita treni tu, inasimama injini inywe maji, inakwenda zake.

Shemeji yako ni karani hodari wa stesheni, na utani wake hauishi. Mwezi uliopita tulikuwa na wageni, chumvi ikazidi kwenye mchuzi. Akanizaba kibao mbele yao hadi nikaangusha sinia. Akasema, "Wanyamwezi hawa, mmezoea kula bila chumvi, ukipewa unamwaga kopo zima!" Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka. Sikio limelia mpaka leo. Nilimwandikia baba, akanijibu kwa mstari mmoja: "Usinune, huyo mtani wako."

Dada yako,
Bertila


Chuo cha Masista, Tabora
24 Machi 1957

Dada mpenzi,

Shikamoo. Hatujambo wote, wenye meno na wasio na meno. Sikio linaendeleaje?

Habari ya chumvi niliisoma kwa sauti bwenini na tulicheka mpaka taa ikazimwa. Shemeji anatuweza! Tukikutana naye tutamlipa.

Tena amenipa wazo. Nimewapanga wachezaji wawili wawili kwa utani: Mngoni na Mhehe, Mnyamwezi na Mngoni, yeyote na mtani wake. Wanapigana magongo ya miguu wakitukanana asubuhi hadi kengele, na hakuna anayeweza kununa, maana ni mtani. Zamani mtu akipigwa kidole alilia wiki nzima. Sasa Josepha amevunjwa kidole gumba, amekifunga kwa kitambaa na kurudi uwanjani akitukana ukoo mzima wa aliyempiga. Sista anasema tumekuwa washenzi, lakini naona anaficha tabasamu.

Minza nimemtia golini. Miguu ni mizito kama ulivyosema. Lakini anafumba macho, dada! Jana mpira ulimpata kwenye nyusi, damu ikamwagika hadi kwenye kola, na aliponyanyuka akaniuliza kama umeingia. Uliingia.

Andika upesi.

Mdogo wako,
Imakulata


Tura
19 Mei 1957

Mdogo wangu,

Marahaba. Usishtuke kwa mwandiko huu, natumia mkono wa kushoto. Nakuuliza hali yako kwa dhati, kwa sababu nimekaa siku nyingi sijaulizwa yangu.

Sylvester amenivunja mkono wa kulia, hapa chini ya kiwiko. Alitumia mti wa bendera ya stesheni, ile ya kusimamishia treni. Kisa ni kwamba nilimpa mwalimu wa hapa maji ya kunywa Sylvester akiwa kazini. Nilipiga kelele. Majirani wakaja dirishani. Naye akawaambia, bila hata kuacha kunipiga, "Njooni mwone jinsi Mnyamwezi anavyocheza ngoma!" Wakacheka, Imakulata. Yule mama anayeniuzia karanga alicheka. Mimi nikiwa chini nikitazama miguu yao.

Hakuna aliye mbaya kati yao. Wanajua yeye Mzaramo na mimi Mnyamwezi, basi wanachosikia ni utani. Ningekuwa mke wa mtu wa kabila lingine wangeuvunja mlango. Nikinuna, ananiuliza mbele za watu kwa nini nanuna, na wote wananitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeharibu.

Kujikinga siwezi tena, mkono umeunganishwa na mganga wa hapa na umekwenda upande. Nimemwandikia baba mara ya pili. Alijibu maneno yale yale.

Usije na usimwambie mtu. Mwambie Minza asifumbe macho.

Dada yako,
Bertila


Chuo cha Masista, Tabora
26 Mei 1957

Dada,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Nilikwambia tulicheka bwenini. Kila nikikumbuka natamani kujipiga mwenyewe. Umeniambia nisimwambie mtu, nami nimewaambia kumi, timu nzima, kwa sababu siwezi kulibeba hili peke yangu. Minza alitoka nje akaupiga mti kwa gongo mpaka mikono ikamtoka malengelenge, kisha akaja kuniomba gongo jipya.

Tarehe 6 Julai tunapanda treni kwenda Makanda. Itasimama hapo Tura injini inywe maji. Uwe kwenye jukwaa la stesheni na kanga zako tu, usibebe kitu. Upande na sisi. Akiuliza, mwambie unakuja kutuona tukicheza.

Nijibu kwamba utakuwepo.

Mdogo wako,
Imakulata


Chuo cha Masista, Tabora
23 Juni 1957

Dada Bertila,

Shikamoo. U hali gani? Hujanijibu. Treni zimepita na kurudi na kila mara nimemtuma mtu stesheni kuuliza barua.

Kama umekasirika kwa kuwa nimesema, kasirika, lakini niandikie hata jina lako tu.

Mdogo wako,
Imakulata


Hospitali, Manyoni
14 Julai 1957

Mdogo wangu Imakulata,

Marahaba, marahaba nyingi. Nakuitikia mara mbili kwa sababu nakumbuka uliniamkia ndani ya behewa nami sikuitika. Homa imepungua. Daktari aliuvunja tena mkono ili aunyooshe. Nilipewa dawa ya usingizi lakini mlio wake niliusikia. Amesema hautanyooka wote.

Barua yako ya Mei aliisoma Sylvester kwanza. Hakunipiga siku hiyo. Aliikunja akaiweka mfukoni, na kila jioni aliitoa akanisomea kama mtu anayesoma gazeti. Asubuhi ya safari yenu ndipo alipoanza, na alipochoka akanifungia kwenye stoo ya mkaa, akatia kufuli. Nikasikia treni ikiingia. Nikasikia sauti zenu. Nilikuwa sina mkono wala sauti, nikaulalia mgongo wangu na kupiga teke mlango. Baada ya hapo nakumbuka vishindo, kicheko cha watu wengi na mtu mmoja akilia, nami sijui alikuwa nani. Halafu mgongo wa Minza, ananibeba.

Mliniacha hapa mkakimbilia lori la Makanda kabla sijapata fahamu. Niambie ilivyokuwa. Nataka kuijua yote.

Dada yako,
Bertila


Chuo cha Masista, Tabora
21 Julai 1957

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo! Nimeiona barua yako na nimelia mbele ya darasa zima. Mimi sijambo. Mdomo una nyuzi nne na siwezi kupiga mluzi tena. Kula vizuri, usiwasumbue wauguzi.

Basi ilikuwa hivi. Treni iliposimama tuliteremka wote kumi na mmoja na magongo yetu. Sista Redempta alibaki behewani, akageukia dirisha la upande wa pili na kuanza rozari. Sylvester alikuwa amesimama kwenye jukwaa, kofia ya kazi kichwani, anatabasamu. "Karibuni, watani wangu! Dada yenu hayupo, amekwenda kumwona baba yake." Nilitaka kumwamini, dada. Kwa kitambo kidogo niliogopa kwamba nimekosea na nitaaibika. Ndipo tukasikia teke. Josepha akasema, "Hilo ni teke la golikipa." La pili likaja. Linatoka nyuma ya nyumba yenu.

Nikapiga kelele stesheni nzima isikie: "Watani! Huyu Mzaramo alituibia dada! Chukueni vyenu!"

Watu wakaja mbio, wauza karanga, wabeba mizigo, abiria, hata mpiga kengele. Walikuja kuona utani. Tukaingia ndani tukatoa viti, sufuria, koti lake la mvua, jogoo. Josepha alivaa suruali yake juu ya sare akatembea kama yeye, na wale akina mama wakapiga vigelegele. Na Sylvester akacheka! Angefanya nini? Amewazoesha mwenyewe kwamba anayenuna ndiye mjinga. Alisimama hapo anacheka huku jasho linamtiririka, sisi tunavunja sahani zake moja moja.

Tulipofika kwenye mlango wa stoo akaacha kucheka. Alinipiga ngumi ya mdomo, nikasikia meno yakipita kwenye nyama. Akanikamata shingo akanigonga kwenye ukuta, nikaona giza. Ndipo Minza alipopita mbele yangu. Unajua tangu Februari namfokea asinyanyue gongo juu. Siku hiyo hakulinyanyua. Lilikwenda chini chini, halikupita goti, Sista mwenyewe angelisifu. Ugoko wa Sylvester ulilia kama kuni kavu. Akaanguka, akajaribu kuushika mti wa bendera ulioegemezwa ukutani, Josepha akaukanyaga mkono wake na kumpiga vidole, na tena, na tena, mpaka nikamwambia basi. Yule uliyemsikia akilia alikuwa yeye.

Kufuli tulilivunja kwa magongo mawili. Sitaandika tulivyokukuta.

Minza alipotoka na wewe mgongoni, watu waliona mkono wako. Kicheko kikakatika kwa walio mbele, wale wa nyuma wakaendelea. Sylvester alikuwa chini anapiga kelele kwamba atatushtaki sote barazani. Yule mama wa karanga, dada, yule yule, alikutazama, kisha akamtazama yeye, akamwambia, "Umenuna, mtani?" Kisha akamchukua yule jogoo akatupitishia kwenye dirisha la behewa.

Makanda walitufunga mawili, tukawafunga matatu. Minza hakufumba macho hata mara moja. Josepha ameacha jino la pili kule. Sista ametunyima sukari kwenye chai kwa mwezi mzima na hajauliza swali lolote. Lakini baba ameniandikia kwamba tumevuka mpaka, na kwamba ukitoka hospitali atakaa na Sylvester wayamalize. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Usiende nyumbani, dada. Njoo hapa.

Mdogo wako,
Imakulata


Ulyankulu
8 Septemba 1957

Mdogo wangu Imakulata,

Marahaba. Natumaini mdomo umepona na mluzi umerudi. Sisi huku wazima, mihogo imestawi, na baba anakusalimu. Nilikuja nyumbani licha ya onyo lako, kwa sababu nisingejificha chuoni maisha yangu yote.

Amekuja. Alifika Jumamosi iliyopita na wazee wawili na mbuzi dume, anachechemea, anacheka tangu njiani. Akamwamkia baba kwa Kinyamwezi cha kuvunjika, "Mwangaluka, mtani!" na baba akacheka, akampa kiti chake mwenyewe. Mbuzi akafungwa kwenye nguzo. Wakazungumza habari za reli, za mvua, na jinsi wasichana kumi na mmoja walivyomvua heshima stesheni. Aliyasimulia yeye mwenyewe, tena vizuri, hadi wale wazee wakafuta machozi ya kucheka. Mwisho akasema, "Mzee, watani wameniweza, nakubali. Sasa nipeni mke wangu nirudi kazini."

Baba akaniita. "Bertila, funga mizigo."

Sikufunga kitu, mdogo wangu. Nikasimama mbele yao, nikasema, "Baba, mimi nilichukuliwa na watani, mchana, watu wakiona. Alichochukua mtani kinadaiwa?" Mzee mmoja akaguna. Nikamwambia Sylvester, "Sahani hukuzidai, viti hukuvidai. Mbona unanidai mimi? Na huyo mbuzi nimemchukua pia."

Hapo uso wake ukabadilika, ukawa ule ninaoujua mimi peke yangu. Alisahau kwamba hatuko Tura. Akainuka, akaukamata mkono wangu uleule, mahali palepale, akaupinda. Nilipiga kelele. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeinuka pia. Walikuwa wanangoja waone kama ni utani.

Nikapiga teke. Mguu mmoja ulibeba mwili na mwingine ulikwenda kwa nguvu zangu zote, na sikufumba macho. Nililiona goti lake likirudi nyuma, upande ambao goti haliendi. Akaanguka juu ya kamba ya mbuzi, mbuzi akachomoka na kutokomea kwenye mihogo. Tangu siku hiyo padre amekwisha kuja kunikumbusha kwamba ndoa ya kanisani haivunjwi. Nimemwambia sijavunja ndoa, nimevunja goti.

Sylvester alikuwa chini anatokwa na jasho, ananionyesha kwa kidole. "Mzee, umeona? Umeona mwanao alichonifanya?"

Baba aliinuka, akaja kwangu badala ya kwenda kwake. Akaushika mkono wangu, akaipandisha kanga, akaupapasa kutoka kiwiko hadi kiganja, pale ulipokwenda upande. Aliutazama muda mrefu. Kisha akamgeukia Sylvester.

"Nimeona," akasema. "Usinune, huyo mtani wako."

Mbuzi tulimpata jioni, tukamla Jumapili.

Dada yako,
Bertila